Mkono wa mafuta mgumu, kiganja kinakufa ganzi: kosa ni la kebo, la kabureta au la mkono wenyewe?

#1 Msafiri_Lukaya
Habari zenu wakuu. Pikipiki ni ya cc 125, ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ya kubebea abiria kati ya Lukaya na Masaka, Uganda. Mkono wa mafuta, yaani gripu ya kulia ya kuongeza mwendo, ni mgumu. Mwanzo wa kuvuta unagoma kidogo, halafu unaachia ghafla na pikipiki inaruka. Ukiuachia unarudi polepole, wakati mwingine unabaki juu kidogo mpaka uusukume kwa kiganja. Kebo ni mpya, ina wiki mbili, na imewekwa oili ya injini iliyotumika. Baada ya saa moja kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi.
Mimi nasema kebo zinazouzwa siku hizi zote ni mbovu. Anayepinga aeleze.

#2 Fundi_Nakawa
Napinga. Kebo ni sehemu moja kati ya tatu, na wewe umebadilisha moja bila kupima zile mbili. Tenganisha kwanza, injini ikiwa imezimwa:

Fungua skrubu mbili za nyumba ya swichi ya kulia, uitenganishe, kisha utoe kile kichwa cha risasi cha kebo (kinundu cha ncha ya waya) kwenye bomba la gripu. Sasa zungusha gripu peke yake. Inatakiwa izunguke bure kama bangili mkononi. Ikigoma hapo, kosa liko kwenye usukani, kebo haihusiki.

Halafu fungua kifuniko cha juu cha kabureta, uitoe pistoni ya kabureta (kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta, siyo pistoni ya injini) pamoja na springi, uichomoe kebo kwenye pistoni. Vuta waya wa ndani kwa vidole huku na huku, usukani ukiwa katikati, kisha ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Ukigoma upande mmoja tu, basi ni njia kebo ilikopitishwa.

Mwisho rudisha pistoni peke yake ndani ya kabureta, bila springi, uinyanyue kwa kidole na kuiachia. Inatakiwa ianguke yenyewe kwa uzito wake.

Dakika ishirini zinatosha. Ukimaliza utajua pesa yako inakwenda wapi.

#3 Spana10
Fundi #2 yuko sawa ila mpangilio ungeanza na bisibisi pekee. Legeza zile skrubu za nyumba ya swichi robo mzunguko kila moja, ujaribu. Wengi wanazikaza mpaka plastiki inabana bomba la gripu. Pia angalia mwisho wa usukani: kati ya gripu na kile kizito cha chuma kuwe na nafasi ya milimita 1 au 2. Gripu mpya ikisukumwa nje kidogo inasuguana na kizito. Pikipiki ikiwa imewahi kuangukia upande wa kulia, kizito kinaingia ndani na kubana gripu, na ncha ya usukani inaweza kuwa imepinda bila macho kuona. Zungusha bomba ukiwa umelisukuma ndani, halafu ukiwa umelivuta nje. Utasikia tofauti.

Kingine ni gundi. Gripu ikibandikwa kwa gundi nyingi, gundi inaingia kwenye ncha ya bomba na kushika usukani. Toa bomba, sugua usukani kwa msasa laini (namba 400 inafaa), ufute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ukaushe, urudishe. Usipake grisi nzito hapo, vumbi la marram (udongo wa barabara isiyo na lami) litaigeuza kuwa msasa mwingine.

#4 Igara_Milimani
Njia ya kebo wakuu, msiipite haraka. Kebo ya mafuta inatoka kwenye mkono, inapita mbele ya shingo ya usukani, inaingia chini ya tangi. Mahali pa kuvunjika ni pale shingoni na pale inapoingia chini ya tangi. Ukishusha tangi kusafisha kabureta na kulirudisha bila kuangalia, tangi linakaa juu ya kebo. Kebo mpya yenye kona kali ni ngumu kuliko kebo ya zamani yenye njia nzuri.

Angalieni pia kamba za plastiki. Mtu anafunga kebo ya mafuta, ya klachi na waya za taa pamoja, anakaza, anakata ncha, kazi inapendeza kwa macho. Lakini kebo inatakiwa iteleze usukani unapozunguka. Kamba ishike bila kubana, kidole kidogo kipite.

@Msafiri_Lukaya, washa injini, iache ingurume bila kuvuta mafuta, ukate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Mngurumo ukipanda hata kidogo, kebo ni fupi au imepitishwa vibaya. Usiibebee abiria mpaka uirekebishe. Unaweza kukata kona na pikipiki ikavuta yenyewe.

#5 Duka_la_Spea_Jinja
Hii ya "kebo zote ni mbovu" siikubali, lakini mbovu zipo. Ukiwa kaunta, kabla hujalipa:

Ikunje kebo duara la upana wa shibiri moja, uvute waya wa ndani. Nzuri inateleza hata ikiwa duara. Mbovu unasikia kabisa mkwaruzo wa chuma kwa chuma.
Chungulia mdomo wa ganda. Nzuri ina mrija mweupe wa plastiki ndani. Nyingine ni koili ya chuma tupu.
Linganisha na ya zamani, na usipime ganda tu. Pima pia waya unaobaki nje wa pande zote mbili. Ganda sawa na waya mfupi kwa milimita 5, adjasta (skrubu ya kurekebisha kebo) haitaweza kukupa uhuru wa kutosha, yaani ule mchezo mdogo wa gripu kabla kebo haijakaza.
Kile kichwa cha risasi kiwe kimekaa katikati ya waya, na kizunguke ndani ya tundu lake kwenye bomba. Kisipozunguka, waya unapindwa kila ukivuta, na nyuzi zinaanza kukatika mojamoja hapo hapo kichwani.

Na tafadhali njoo na ile ya zamani. Usiseme tu "ya 125". Kebo za 125 haziko sawa.

#6 Katwe_Grisi
Jambo ambalo hakuna aliyegusa: oili ya injini iliyotumika! Hiyo ina masizi na chembe za chuma. Umemwagia kebo mpya uchafu. Tumieni grisi laini tu, ijazeni kwa bomba la sindano, kebo inakaa mwaka.

#7 Fundi_Nakawa
@Katwe_Grisi ya oili chafu umesema kweli kabisa. Ya grisi hapana. Grisi kwenye kebo nyembamba ya mafuta inashika, na asubuhi ya baridi unavuta kama unakoroga posho (ugali). Tumia oili nyepesi, ile ya cherehani au oili ya giaboksi ya otomatiki. Mililita 5 zinatosha.

Namna ya kuiweka: toa kebo upande wa mkono, kata kona ya mfuko mdogo wa nailoni, uingize mdomo wa kebo, ufunge kwa raba isivuje, umimine oili, uning'inize juu. Upande wa kabureta uwe umeuchomoa, weka kikopo chini. Iache usiku. Ikidondoka safi chini, imetosha. Ikidondoka nyeusi au ya kutu, mimina tena mpaka isafike. Usifanye kebo ikiwa imefungwa kwenye kabureta, kwa sababu oili na uchafu wote vitaingia juu ya pistoni.

#8 Nalubaale
Wote mnamsahau Duka hapo #5. Kama kebo ina mrija wa plastiki ndani, nyingi zimetengenezwa zitumike kavu. Oili nzito inaweza kuvimbisha baadhi ya plastiki, na vumbi linanata. Kebo ya koili ya chuma tupu ndiyo inayotaka oili. Kwa hiyo swali la kwanza ni: kebo yako ni ya aina gani?

#9 Fundi_Nakawa
Nakubali nusu. Kavu inafaa mahali pasipo mvua na vumbi. Barabara zetu maji yanaingia kwa juu pale mkononi, yanateremka, yanakaa kwenye kona ya chini, waya unashika kutu. Oili nyepesi kidogo ndani ya mrija inazuia kutu. Oili nzito ndiyo nakataa.

#10 Nalubaale
Basi zuia maji yasiingie, kile kimpira cha juu ya adjasta kiwe kizima. Pikipiki nyingi za steji (vituo vya bodaboda) hazina hicho kimpira, kimechanika au kimetupwa.

#11 Kabureta_Tororo
Nirudi kwenye dalili, maana mwenye uzi (aliyeanzisha mjadala) ameandika dalili nzuri na tumezipita. "Mwanzo unagoma, halafu unaachia ghafla." Hiyo ni pistoni ya kabureta. Injini ikinguruma bila kuvutwa, inafyonza hewa kwa nguvu, na pistoni inavutwa kugandamia ukuta wa upande wa injini. Ukuta au pistoni vikiwa na mikwaruzo, au vina ule utando wa kahawia wa petroli iliyokauka, pistoni inanata mpaka uivute kwa nguvu, kisha inaruka.

Jaribio: vuta mafuta injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewaka. Imezimwa ni laini, imewaka ni ngumu mwanzoni tu? Acha kebo, fungua kabureta. Zote mbili ngumu sawa? Rudi kwa kebo na gripu.

Safisha pistoni na tundu lake kwa dawa ya kabureta na kitambaa laini. Msasa marufuku kabisa hapo, ukiukwaruza ukuta umeumaliza. Unaporudisha pistoni, ule mfereji wake mrefu ukae kwenye pini ndogo iliyo ukutani, na ule upande uliokatwa mshazari utazame eyaklina (kichujio cha hewa). Ikiingia vibaya haifungi mpaka chini, na ukiwasha injini inapaa yenyewe.

#12 Spana10
@Kabureta_Tororo ongeza na hili: bolti mbili zinazoshika kabureta kwenye injini. Zikikazwa kupita kiasi, au upande mmoja ukikazwa zaidi, ile flenji (bamba la kabureta linaloshikwa na bolti) inapinda, tundu la pistoni linapoteza umbo lake la duara, pistoni inabana. Dalili yake ni kwamba kabureta ikiwa mkononi pistoni inaanguka vizuri, ukiifunga kwenye injini inagoma. Legeza, ujaribu, kaza kwa zamu kidogokidogo.

#13 Mwanafunzi_Injini
Maelezo ya #11 siyo ya kabureta zote. Zile zenye kifuniko kipana cha juu na ngozi ya mpira ndani, kebo haivuti pistoni. Inazungusha kipepeo (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa), na pistoni inanyanyuliwa na mvuto wa hewa. Kwa hizo, ugumu unatafutwa kwenye mhimili wa kipepeo na springi yake ya pembeni.

#14 Kabureta_Tororo
Sahihi, asante. Nilizungumzia ile ambayo kebo inaingia moja kwa moja kwenye kifuniko cha juu. @Msafiri_Lukaya tuambie yako ni ipi.

#15 Fizio_Mulago_Road
Naomba mtenganishe ugumu wa mkono wa mafuta na ganzi. Vinaweza kuwa na visababishi tofauti. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete ni neva inayopita upande wa kidole kidogo kwenye kiganja. Inabanwa na uzito: mtu anaegemea usukani kwa kisigino cha kiganja upande wa nje. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati ni neva nyingine, inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Hiyo huumizwa zaidi na kifundo kukunjwa muda mrefu, na mara nyingi mtu huamka nayo usiku.

Kwa mwenye uzi ni ile ya kwanza. Hata mkono wa mafuta ukilainika, ukiendelea kuegemea, ganzi itarudi. Kaa wima kidogo, shika tangi kwa magoti, uzito uwe kwenye kiti na miguu. Shika gripu kwa vidole, kisigino cha kiganja kiguse tu.

Kifundo kikiwa kimekunjwa kwa juu wakati wa mwendo wa kawaida, shika upya: achia mafuta kidogo, zungusha kiganja mbele, shika, ndipo uvute. Mkono na kigasha viwe mstari mmoja katika mwendo unaoutumia zaidi, siyo wakati umesimama.

Ganzi isiyoondoka baada ya kushuka, kuangusha vitu, au nyama ya kiganja kupungua, nendeni hospitali. Na vidole kuwa vyeupe kwenye baridi kwa mtu anayeendesha miaka mingi, hiyo huletwa na mtetemo. Isipuuzwe.

#16 Bypass_Kaskazini
Mtetemo! Hapo ndipo penyewe. Mtu anatoa vizito vya ncha za usukani kwa sababu vilipotea skrubu, anadhani ni urembo. Vile vipo kupunguza mtetemo. Kisha bolti za kushikilia injini kwenye fremu zimelegea, cheni imechakaa ina sehemu zilizobana na zilizolegea, beringi za magurudumu zinacheza. Unaposhika kitu kinachotetemeka, vidole vinabana zaidi vyenyewe bila wewe kuamua. Saa tano za hivyo na mkono mzuri kabisa unachoka.

Kaza bolti za injini kwanza. Halafu ukipenda, funga gripu ya mpira laini.

#17 Igara_Milimani
Hapa kwetu vijana wanafunga mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya gripu. Fizio, inasaidia?

#18 Fizio_Mulago_Road
Inasaidia kama gripu ilikuwa nyembamba na ngumu. Ikinenepa mpaka vidole havifikii kiganja, misuli inafanya kazi zaidi. Mzunguko mmoja au miwili, basi. Na isiteleze! Mpira unaozunguka juu ya gripu ni hatari.

#19 Kigezi_Baridi
Ninyi wa mabondeni mnasahau milima. Kabale iko karibu mita 2000, Kampala karibu 1200. Injini ya kabureta hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na mchanganyiko unazidi petroli. Ongeza abiria wawili na gunia la viazi. Unavuta mkono mpaka mwisho na kuushikilia hapo dakika kumi. Springi ya pistoni inapokandamizwa mwisho ndipo inaposukuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mkono unachoka hata kebo ikiwa nzuri. Eyaklina ikijaa vumbi, hali inazidi. Isafisheni, na mteremshe gia mapema badala ya kulazimisha mkono.

#20 Spana10
Kigezi, Lukaya iko pembeni ya kinamasi, tambarare kabisa. Mwenzetu hana mlima wa kumsingizia.

#21 Kigezi_Baridi
Ana abiria na mizigo. Eyaklina chafu haichagui mlima.

#22 Busia_Mpakani
Wakuu, neno. Mnaandika "mkono wa mafuta", sisi tunasema "moto", wengine "ekseleta". Ukienda dukani na kusema kebo ya mafuta, muuzaji mwingine anaweza kukupa mpira wa petroli wa kutoka kwenye tangi.

#23 Duka_la_Spea_Jinja
Ndiyo maana nasema njoo na ya zamani.

#24 Steji_Ntinda
Kuna kile kipande cha plastiki kinachobana kwenye gripu, kina ulimi wa kuweka kisigino cha kiganja, unasukuma chini bila kushika kwa vidole. Kimeondoa uchovu kwa wengi hapa. Kwa nini hakuna aliyekitaja?

#25 Fundi_Nakawa
Kwa sababu ya msongamano. Ukinyoosha vidole kushika breki huku kiganja kiko juu ya ulimi, unaweza kuvuta mafuta na breki pamoja. Barabara ndefu ya Masaka, sawa. Jinja Road saa kumi na mbili jioni, kitoe. Na kisifungwe kamwe juu ya mkono wa mafuta usiorudi wenyewe.

#26 Steji_Ntinda
Kinazungushwa. Mjini unakigeuza kitazame mbele, hakiguswi. Tatizo ni wanaokiacha.

#27 Boda_ya_Umeme
Kwenye za umeme hakuna kebo, ndani ya gripu kuna kihisi cha sumaku na springi ndogo. Lakini hata huko gripu inagoma, na mara nyingi ni yale ya #3: vumbi, kizito kuingia ndani, skrubu kukazwa.

#28 Msafiri_Lukaya
Webale nyo (asanteni sana), wote. Majibu ya vipimo:
Kabureta ni ile ya kebo kuingia kifuniko cha juu. Gripu peke yake inazunguka laini baada ya kulegeza skrubu, kabla ya hapo ilikuwa inabana. Kebo ina mrija mweupe, inateleza usukani ukiwa katikati na kushoto, ukikata kulia inagoma kidogo. Pistoni inaanguka yenyewe, lakini ina mstari wa mkwaruzo upande wa injini, ukucha unauhisi. Uhuru wa gripu wa kuzunguka kabla kebo haijakaza, ukipimwa kwenye ukingo, ulikuwa karibu sifuri.

#29 Igara_Milimani
Kulia inagoma, nilisema njia ya kebo. Shusha tangi.

#30 Kabureta_Tororo
Mkwaruzo unaohisiwa na ukucha ndiyo ile kugoma na kuruka. Pistoni mpya, na uangalie ukuta kama nao umeliwa. Ukuta ukiwa umeliwa, pistoni mpya itaishi muda mfupi.

#31 Spana10
Kabla hajanunua chochote: uhuru sifuri maana yake kebo imekazwa muda wote, na pistoni haikai chini. Legeza nati ya kufungia, zungusha adjasta mpaka gripu icheze milimita 2 hadi 6 ikipimwa kwenye ukingo wa gripu, kaza nati, rudisha kimpira. Halafu lile jaribio la #4 la kukata usukani injini ikiwa imewaka. Mkwaruzo mmoja haumaanishi lazima pistoni imekufa.

#32 Kabureta_Tororo
Uhuru sifuri hauelezi kuruka, Spana. Unaeleza kubaki juu.

#33 Fizio_Mulago_Road
Na vidole?

#34 Msafiri_Lukaya
Ganzi bado ipo, ila leo imeanza baada ya saa mbili, siyo moja. Nimelegeza skrubu na adjasta tu. Tangi nashusha kesho asubuhi.

#35 Igara_Milimani
Ukilirudisha, angalia kebo kabla hujafunga bolti ya nyuma. Na funga koki ya petroli kwanza, ndugu.